Kompyuta ya Mwalimu Ndegwa

Likizo ya Agosti ilipofika, Mercyline alidhani atalala hadi jua liwe juu. Badala yake aliamka saa kumi na moja na nusu kila siku, kama wakati wa shule. Alichemsha chai, akaijaza chupa, akafunga mikate minne, kisha yeye na mamake wakaondoka nyumbani kwao mtaa wa Jamhuri huku baridi ikiwauma masikio.

Mamake, Bi Veronicah, alikuwa fundi wa kompyuta. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja katika orofa ya nne ya jengo la zamani katikati ya jiji la Nairobi. Lifti ilikuwa imeharibika tangu Pasaka, na hakuna aliyejua itatengenezwa lini. Walipanda ngazi na mizigo yao, na walipofika juu hakuna aliyekuwa na pumzi ya kusema neno.

Mercyline alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu, na kazi hiyo aliipenda. Alijua kufungua kompyuta bila kupoteza skrubu hata moja na kupangusa vumbi kwenye feni kwa brashi laini. Hata hivyo, siku kumi mfululizo zilikuwa zimemchosha. Mamake alikuwa amechoka zaidi. Kila simu ilipolia, alishusha pumzi kabla ya kuipokea.

Ijumaa alasiri alifika mzee mmoja mwembamba aliyevaa koti la kijivu. Nyuma yake mchukuzi alibeba sanduku kubwa.

"Shikamoo," Mercyline akamwamkia.

"Marahaba, binti yangu," alijibu, akakaa kwenye kiti cha kwanza alichokiona. "Ngazi zenu zitaniua. Fundi, mimi naitwa Mwalimu Ndegwa. Nimefundisha hisabati miaka thelathini na miwili, na mwaka huu nimestaafu. Nataka kufungua ukumbi wa gemu kule Kangemi, vijana wawe na mahali pa kukaa badala ya kuzurura. Lakini kompyuta za gemu sizijui hata kidogo."

"Na kompyuta hii ya sandukuni umeinunua?" Bi Veronicah aliuliza.

"Bado. Muuzaji ameniazima niipime. Anasema si ya bei ya juu kabisa wala si duni, na imeundwa tayari. Kazi yangu ni kuichomeka tu kwenye umeme. Nikiridhika nitachukua kumi. Kiinua mgongo changu chote kitaingia humo, fundi. Niambie ukweli."

Mzee alipoondoka, Bi Veronicah aliifungua kompyuta ubavuni na kumwonyesha Mercyline kilichokuwamo. Kadi ya grafiki, ile inayochora picha za gemu, ilikuwa nzuri. Moyo wa kompyuta yenyewe, yaani prosesa, pia ulikuwa wa kuaminika.

"Sasa tazama mbele," alisema. "Wameweka kioo kitupu. Kinapendeza macho, taa zinang'aa, lakini hewa itaingilia wapi? Mashine ya gemu hutoa joto kama jiko. Labda itavumilia, labda haitavumilia. Hatuwezi kujua mpaka tuiendeshe."

Jumamosi asubuhi, mteja mmoja wa mtaa wa Karen alipiga simu. Kompyuta zote za ofisi yake zilikuwa zimekwama. Bi Veronicah alifunga macho kidogo, kisha akachukua mkoba wa vifaa.

"Mercy, wewe utapima ile ya Mwalimu," alisema. "Iendeshe gemu hii nzito kwa muda wa saa nne bila kukoma. Kila robo saa, soma joto lake hapa kwenye pembe ya skrini, uliandike daftarini. Ikizimika, andika ilizimika saa ngapi. Ukitaka kitu chochote, mwite Bi Wangui mshonaji, mlango wa pili."

"Sawa, Mama."

Alianza saa tatu kamili. Mwanzoni ilikuwa raha. Magari ya gemu yalikimbia kwenye skrini, naye aliandika kwa makini: nyuzi sitini na nne, sitini na saba, sitini na tisa, sabini. Saa nne na robo aliandika sabini na moja. Chumba kilikuwa baridi isipokuwa karibu na mashine, ambapo palikuwa na joto zuri, na feni ilinguruma kwa sauti ile ile, ile ile. Mercyline aliegemeza kichwa mkononi. "Nitafumba macho dakika mbili," alijiambia.

Alipoyafumbua, saa ya ukutani ilionyesha saa saba kasoro dakika kumi.

Alishtuka hadi kiti kikaanguka. Kompyuta ilikuwa inawaka, lakini gemu haikuwapo. Skrini ilionyesha picha ya mwanzo, ile inayokuja mtu anapoiwasha upya. Mercyline aliitazama kwa muda mrefu. Moyoni alijua kwamba kuna jambo limetokea. Lakini alifikiria kuanza tena saa nne zote, na mwili ukakataa.

"Labda gemu imejifunga tu," alisema kwa sauti, ingawa hakuna aliyemuuliza.

Akachukua kalamu. Sabini na moja. Sabini na moja. Sabini na mbili. Sabini na moja. Alijaza safu yote hadi chini.

Bi Veronicah alirudi saa tisa na viatu vyenye matope. Hakula hata mkate aliowekewa. Aliketi, akapitisha kidole kwenye safu ya namba, na kidole kikasimama katikati.

"Haikupanda tena baada ya hapa?"

"Haikupanda, Mama."

Mamake alisugua macho. Alionekana kama anayetaka kuuliza jambo jingine, kisha akachukua karatasi na kuandika ripoti: kompyuta hii inafaa. Akatia sahihi.

Jumapili nzima Mercyline alijihisi mzito. Kanisani alisimama watu walipokaa. Mamake alipomuuliza kama anaumwa, alisema amechoka tu, na hilo lilikuwa kweli, ila halikuwa kweli lote.

Jumatatu asubuhi Mwalimu Ndegwa alipanda tena zile ngazi. Safari hii alikuwa akitabasamu. Alipokea ripoti, akaisoma polepole kama anayesahihisha mtihani.

"Jana mke wangu aliniuliza nina hakika gani," alisema. "Nikamwambia, fundi amenipigia simu, binti yake alikaa mbele ya mashine saa nne nzima, akiandika kila robo saa. Basi akaridhika, akasema niende nikalipe. Asante sana, binti yangu."

Alinyoosha mkono kumsalimu. Mercyline hakuushika. Machozi yalikuwa yameshamjaa.

"Mwalimu, usilipe," alisema. "Sikukaa saa nne. Nililala. Namba za chini nilizibuni. Nilipoamka gemu ilikuwa imetoka, na sikuandika."

Bi Veronicah alimtazama binti yake, kisha akaitazama sahihi yake mwenyewe. Alinyoosha mkono, akaomba ripoti, na akaichana vipande viwili.

"Nisamehe, Mwalimu," alisema kwa sauti ya chini. "Hili ni jina langu, na aibu ni yangu. Nipe leo tena. Ukiwa na nafasi, kaa nasi uone kwa macho yako."

"Nafasi ninayo," alijibu mzee. Tabasamu lilikuwa limemtoka. "Mstaafu hana kingine."

Walianza upya. Mercyline alisimama badala ya kukaa, asije akasinzia. Kwa saa moja na robo joto lilipanda hadi sabini na moja, kama Jumamosi. Halafu likaendelea. Sabini na nne. Sabini na tisa. Themanini na sita. Feni ilianza kulia kama kuku aliyekanyagwa. Tisini na mbili. Mercyline alikuwa bado anaandika namba hiyo skrini ilipozimika, pu! Baada ya muda kidogo kompyuta ikajiwasha yenyewe, na ile picha ya mwanzo ikatokea.

"Hivi ndivyo nilivyoikuta," alinong'ona.

Mwalimu Ndegwa alivua miwani na kuifuta. "Kumi kama hizi," alisema, "katika chumba kimoja chenye bati juu."

Bi Veronicah aling'oa kile kioo cha mbele, akaiacha mashine ipoe, kisha wakaiendesha tena. Mchana mzima walikaa hivyo, wakigawana mikate mitatu na chai iliyopoa. Joto lilifika sabini na mbili, likakaa hapo saa nne kamili.

"Ubongo wa mashine ni mzuri," Bi Veronicah alimweleza mzee. "Nguo waliyoivisha, yaani kasha lake, ndiyo mbaya. Mwambie muuzaji akupe zenye wavu mbele badala ya kioo. Akikataa, usinunue."

Aliandika ripoti mpya, yenye namba zote, nzuri na mbaya. Siku tatu baadaye muuzaji alikubali kubadilisha makasha. Kompyuta ya kwanza ilipoletwa tena, mama na binti waliipima kwa zamu, mmoja akipumzika mwenzake akitazama. Ilimaliza saa nne bila kutetereka, na Mwalimu Ndegwa akanunua zote kumi. Alipokuja kuaga, aliushika mkono wa Mercyline.

"Nimefundisha watoto wengi," alimwambia. "Walionakili majibu ni wengi. Waliokuja wenyewe kuniambia wamenakili, nawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja."

Jioni hiyo, walipokuwa wakifunga karakana, Mercyline alisema, "Mama, utaniacha nipime peke yangu tena siku nyingine?"

Bi Veronicah aliweka mkoba chini na kukaa kwenye ngazi ya juu kabisa. Mercyline akakaa kando yake.

"Mimi pia nilikosa," mama alisema. "Niliziona zile sabini na moja zikifuatana, na nikajua joto halikai hivyo. Lakini nilikuwa nimechoka, nikaacha kuuliza. Tena nilikupa kazi ya mtu mzima ukiwa umechoka. Kuanzia wiki ijayo utapumzika nyumbani siku tatu kila wiki."

"Sikulala kwa makusudi, Mama."

"Najua. Kulala si dhambi, mwanangu. Kila mtu huchoka. Ungeniachia safu tupu, ningekukemea kidogo, kisha ningepima upya, na yangekwisha. Lakini uliijaza, na mtu mwingine akakaribia kuweka jasho la maisha yake juu ya namba hizo. Utapima tena, ila usipojua, andika hujui. Watu wataiamini kazi yako kwa sababu ya hapo ulipokubali kuacha pengo."

Mercyline aliitikia kwa kichwa. Kisha akauchukua mkoba wa mamake, wakaanza kuteremka.