Kibuyu Chenye Mshono

Kila jioni akitoka shule, Yusta alikoka moto jikoni kwa bibi yake, Bibi Rahabu, huko milimani Mlola. Moshi ulipanda mpaka kwenye kibuyu kilichoning'inia kwa kamba juu ya mafiga. Ndani yake mlikuwa na mbegu za maharage zilizochanganywa na majivu, ili wadudu wasizitoboe. Kibuyu kilikuwa cheusi tii, na ubavuni kilikuwa na ufa ulioshonwa kwa uzi wa mgomba. Yusta hakuwahi kuuliza ni nani aliyeushona. Vitu vya jikoni, nani huuliza habari zake?

Mwezi wa sita, mjomba Emanueli alikuja kutoka Mwanza kwa harusi ya ndugu, akasema atarudi na Yusta likizo ile, tena kwa ndege. Loo, Mlola nzima ilipata habari! Yusta alitangaza kisimani, akatangaza kwayani, na nadhani hata mbuzi wa jirani yao, Mama Zuhura, walijua.

Asubuhi ya safari, Bibi Rahabu alikishusha kibuyu akakifunga kwa kanga. Alisema ni cha dada yake, Bibi Eliza, mama yake mjomba Emanueli, aliyeolewa Mwanza zamani. "Macho yake hayaoni tena, na miguu haiwezi kumleta huku milimani," alisema. "Umpe mkononi, Yusta. Mkononi mwake." Yusta aliitikia, lakini moyoni alinuna. Gauni jipya, viatu vipya, halafu masizi!

Walishuka kwa basi hadi Dar es Salaam, na kesho yake wakaenda uwanja wa ndege. Mjomba alipopeleka mabegi kupimwa, Yusta alibaki kando amekumbatia furushi lake. Msichana mmoja wa rika lake, mwenye begi la magurudumu, alikunja pua akamuuliza mama yake ni nani aliyesafiri na jiko. Pengine hakumkusudia mtu, lakini Yusta aliona watu wote wanamtazama yeye. Aliona haya mpaka masikio yakamwaka. Akaingia chooni, akafungua kanga, akakitumbukiza kibuyu kwenye pipa la taka. Kanga aliikunja vizuri akaitia mkobani.

Kwenye ukaguzi, wanaume na wanawake walipita foleni mbalimbali. Walipokutana upande wa pili, mjomba aliuliza furushi liko wapi. Yusta alijibu kwamba wakaguzi wamelichukua, eti mbegu haziruhusiwi. Mjomba alikasirika akataka kurudi kuwauliza, lakini Yusta alimshika mkono akamwambia ndege itawaacha.

Ndege ilipaa, mawingu yakabaki chini, na Yusta alifurahi kwa kitambo. Kisha ziwa likatokea, maji hayana ng'ambo, na vilima vyenye mawe makubwa yaliyokaa juu ya mawe mengine, na nyumba katikati yake. Alikuwa ameingoja siku hiyo kwa hamu, lakini sasa kila alipotazama dirishani alikiona kibuyu.

Bibi Eliza alikuwa amekaa mkekani, ungo mapajani, tayari kupokea mbegu. Yusta alimpa shikamoo. Bibi aliitikia marahaba, akanyoosha mikono yote miwili. Ikabidi mjomba aeleze habari ya wakaguzi. Bibi kizee alirudisha mikono yake kwenye ungo.

"Ule mshono ulikuwepo bado?" aliuliza.

"Ulikuwepo, Bibi."

"Ni mimi niliyekiangusha, nikiwa mdogo kuliko wewe. Nikajificha migombani kutwa nzima. Nilipotoka na kusema ukweli, mama hakunichapa. Alinipa uzi nimshikie, akakishona. Nilitaka kuugusa mara moja tu kabla sijafa." Akautoa ungo mapajani, akauweka kando. "Haya, sheria ni sheria. Mungu awasamehe wale wakaguzi."

Chakula cha jioni kilikuwa samaki sato wa kukaanga, lakini kwa Yusta kilikuwa kama majani. Kesho yake mjomba alimpeleka ufukweni kuona vivuko, naye hakuona kitu. Watu wasio na kosa walikuwa wakiombewa msamaha kwa dhambi yake. Waliporudi nyumbani alipiga magoti mkekani.

"Si wakaguzi, Bibi. Ni mimi. Nilikitupa. Niliona haya kwa sababu kinanuka moshi." Akalia.

Mjomba alipiga simu uwanja wa ndege papo hapo. Waliomjibu walikuwa waungwana, lakini mapipa yalikuwa yameshamwagwa. Bibi Eliza alimpapasa Yusta kichwani. "Umetoka migombani, mwanangu," alisema. "Sasa shika uzi."

Yusta alielewa. Aliporudi Mlola alimweleza Bibi Rahabu yote, kisha, kwa kuwa mbegu zao zote zilikuwa kibuyuni, akaenda mwenyewe kwa Mama Zuhura, akarudia aibu yake neno kwa neno. Kule milimani mbegu haiuzwi wala hainyimwi; anayepewa hurudisha baada ya mavuno. Mama Zuhura alikuwa amepewa na Bibi Rahabu mbegu hizohizo mwaka uliotangulia, naye akampimia Yusta kwa mikono miwili bila kumsuta. Zikatiwa kwenye kopo, zikapelekwa Mwanza kwa basi. Mvua za vuli zilipoanza, mjomba alipiga simu kusema maharage yameota uani kwa Bibi Eliza.

Yusta alidhani sasa bibi yake atafurahi. Bibi Rahabu alifurahi kweli, lakini alikuwa akitazama kamba tupu iliyoning'inia juu ya mafiga.

"Mbegu zimerudi kwa sababu tuliwahi kuwagawia wenzetu," alisema. "Kibuyu kilikuwa kimoja tu. Ukweli wako umetengeneza palipotengenezeka, mjukuu wangu, nami nakushukuru. Lakini kumbuka: haya ya kutoka jikoni kwa bibi yako ingeisha kabla ndege haijatua. Haya ya uongo tutaishi nayo."

Yusta aliinama akachochea moto, na moshi ukapanda mpaka kwenye kamba.