Wivu Ulioshuka Miguuni

"Wilmar wenu anakimbia na mwanamke. Wameshikana mikono, mchana kweupe."

Maneno hayo aliyaleta Graciela, muuza arepa, ile mikate ya mahindi. Alinipa mimi, na mimi kwa mdomo wangu nikampa binti yangu Yurledy. Tangu hapo hayakumtoka. Akikamua machungwa anayasikia, akilala anayasikia.

Na yeye na Wilmar walianza vizuri! Walikutana kwenye meza yetu ya kuuzia maji ya machungwa, Barabara ya Saba, Jumapili, magari yakiwa yamefungiwa njia na Bogotá nzima imejaa baiskeli, mbwa na watu wanaokimbia. Yurledy kavaa sweta ya njano, nywele kazibana juu. Wilmar akafika na kaptula ya buluu, anahema.

"Dada, nipe glasi moja kabla sijafa."

"Ukifa hapa utatuharibia biashara. Kunywa taratibu."

Alikunywa tatu. Tangu siku hiyo simu kila jioni. "Umekula, malkia wangu?" "Nimekula." "Mimi nakusubiri wewe unikaangie yai." Binti yangu anacheka nyuma ya pazia, na mimi huku nacheka naye.

Miezi minne. Kisha Graciela na maneno yake.

"Nimuulize, mama?"

"Atakudanganya. Kamfumanie."

Sasa mtu anayekimbia utamfumaniaje umekaa? Yurledy, ambaye hakuwa amekimbia tangu shule, akaanza mazoezi kila alfajiri, siku saba kwa wiki, juu ya zege, mlima kupanda na kushuka, na vile viatu vya turubai anavyosimama navyo mezani, soli imekwisha. Siku ya nne muundi ukaanza kuuma, mfupa ule wa mbele chini ya goti. Akasema ni kama mtu anaukwangua kwa kijiko. Nikamsugua kwa spiriti, nikampa maji moto ya sukari guru, nikamwambia, "Kaza moyo, maumivu utayazoea." Mungu anisamehe.

Wiki ya tatu alikuwa anashuka ngazi kinyumenyume. Wilmar akapiga simu.

"Mbona sauti kavu, mpenzi?"

"Muulize unayekimbia naye."

"Nani, Amparo?"

"Kumbe ana jina!"

Akakata. Wilmar alipiga mara kumi na moja. Simu ilikuwa inalia ndani ya sufuria ya mchele, ndiko alikoitupa.

Jumapili akaniacha na machungwa, akaenda kuwavizia. Akawaona: mwanamke mrefu, suruali nyekundu ya kubana, miwani myeusi, anacheka, mkono wake umegusana na wa Wilmar. Wivu ukampa mbio ambazo miguu yake haikuwa nazo. Hatua mia hazikufika. Mguu wa kulia ukagoma, akaanguka kando ya fundi baiskeli.

"Wilmar! Mwachie mkono huyo!"

Barabara nzima iligeuka. Wale wawili wakarudi wakitembea sambamba, na ndipo Yurledy alipoiona kamba. Kamba fupi, ncha moja mkononi mwa Wilmar, nyingine mkononi mwa yule mwanamke. Amparo haoni. Wilmar ndiye macho yake.

"Ndiye huyu Yurledy?" Amparo akauliza. "Afadhali. Kilomita kumi nzima nasikia Yurledy, Yurledy, mpaka masikio yanauma."

"Kwa nini hukuniambia?" Yurledy akalia.

"Nilikuita mara ngapi uje unione nikikimbia?" Wilmar akasema. "Ukasema Jumapili ni ya machungwa."

Amparo kazi yake ni kukanda watu. Akapiga magoti, akapapasa mguu wa kushoto. "Hapa? Na hapa?"

"Kote."

"Huu umechoka tu." Akashika wa kulia, akabonyeza kwa kidole kimoja. Yurledy akapiga yowe. "Huu unauma mahali pamoja. Nenda hospitali leo hii."

Daktari alikuta mfupa umeanza kupata ufa. Wiki nane bila kukimbia.

Wiki hizo Wilmar alimaliza mbio zake na Amparo mapema, kisha akaja kukamua machungwa. Yurledy amekaa kwenye kiti, mguu juu ya ndoo.

"Unamkamulia nani hilo kubwa?" anauliza.

"Mteja, malkia."

"Mteja gani mwenye midomo ile?"

Jumapili ya mwisho Wilmar akamfunga Yurledy kamba ya Amparo mkononi, ncha nyingine akajifunga mwenyewe. "Nikuoe, au utaendelea kunifukuza?" Akakubali. Ila bado anahesabu wateja wa kike.

Wewe mwenye binti, mwambie aepuke haya:

Kukimbia kila siku bila kupumzika.
Kuanza na mbio ndefu, au milima.
Viatu vilivyoisha soli.
Kuendelea kukimbia huku mguu unauma.
Kukaa nyumbani na maumivu ya mahali pamoja, badala ya kwenda hospitali.
Kumvizia mtu unayeweza kumuuliza.

Na wewe mama, usimpelekee mwanao maneno ya Graciela.