Tonge la Shukrani

Jamani, nisikilizeni, maana hili lingeweza kutokea kwako. Asubuhi ile pale Ikwiriri, Bi Mwanamina alikuwa akimtazama binti yake Muzdalifa akisali Dhuha kwa kusimama, akirukuu na kusujudu mwenyewe. Machozi ya furaha yalimlenga. Kabla ya hapo unene ulimtesa mwanawe: akilala ameketi, sukari iko juu, sala anasalia kitini. Madaktari wa Dar es Salaam wakampasua, wakalipunguza tumbo lake la chakula.

Na waliwaeleza wazi: "Sukari itashuka, pumzi itarudi. Lakini mshono wa ndani unaweza kuvuja, nao ukivuja unaua. Kwa sasa ni supu iliyochujwa na maziwa. Wali asiuguse mpaka tumruhusu."

Mtaa nao haunyamazi. "Mbona mwanao kapukutika hivyo? Ana nini?" Maneno yakamchoma mama. Akaamua kusomesha dua ya shukrani, watu wamwone Muzdalifa akila. Akaazima masufuria kwa majirani, akapika ubwabwa wa nazi.

Mbele ya wageni akafinyanga tonge, akampelekea mdomoni.

"Mama, daktari kasema..."

"Daktari ndiye aliyekuzaa? Bismillahi, mwanangu. Usiniaibishe."

Mkono wa mama utaukataaje mbele za watu? Akameza. Akapewa na la pili, na la tatu. Vigelegele!

Alasiri haijaingia, Muzdalifa anatapika, tumbo kalishika. Bi Mwanamina akampigia daktari simu.

"Amekula nini?"

Mawifi wa Muzdalifa, dada za mumewe, walikuwa wamesimama pale, masikio wazi; mama akaona aibu kukiri.

"Supu tu, daktari."

"Mpe maji kidogo kidogo. Asipotulia, mlete mara moja."

Loo, uongo ule! Wakampa maji, wakangoja usiku kucha. Kulipokucha tumbo lilikuwa gumu kama ubao na mwili unawaka homa. Ndipo mama akalia kwenye simu: "Nilimlisha wali! Mimi mwenyewe! Niokolee mwanangu!"

Gari likaondoka mbio. Kibiti, njiani kwenda Dar es Salaam, hawakuipita. Muzdalifa alikata roho mapajani mwa mama yake, akiomba maji.

Masufuria ya shukrani yalikuwa hayajarudishwa kwa wenyewe. Ndiyo yaliyopikiwa msiba.

FUNZO

Upasuaji wa kupunguza unene si urembo. Humwokoa ambaye mwili wake unamuua, na hatari zake ni za kweli. Ziulizeni zote kabla ya kukubali. Masharti yake ni ya nyumba nzima, si ya mgonjwa peke yake. Akisema amekatazwa, rudisha mkono wako, hata kama ni mkono wa mama. Na daktari akikuuliza, sema kweli. Aibu ingepita. Muzdalifa harudi.