Nyanya Kafedha Aitika

Kadzo alikuwa na masikio ya ajabu. Akiitwa kula wali wa nazi, alisikia hata akiwa kisimani. Akiitwa kufanya kazi, hakusikia kitu. Nyanya yake, Kafedha, hakuwa hivyo. Hata akiitwa na mtoto wa jirani, aliitika papo hapo, "Abee!" akaenda.

Waliishi kijiji cha Utange, pwani, na vita vikuu vya dunia vilikuwa vimekwisha mwaka mmoja tu uliopita. Tangu abatizwe akiwa msichana, Nyanya Kafedha alifagia kanisa lao dogo la makuti kila Jumamosi, hata mvua inyeshe. Sasa alikuwa hoi kitandani, miguu imemvimba.

"Kadzo!" aliita Jumamosi moja. "Leo nifagilie kanisa, mjukuu wangu. Sitaki watu wa Mungu kesho wakute vumbi."

Kadzo alichukua ufagio wa chelewa za mnazi, lakini njiani akamkuta rafiki yake Mwanarehema akiruka kamba. Akaruka naye mpaka jua likainama. Aliporudi nyumbani akasema, "Nimefagia, Nyanya."

Nyanya aliutazama ufagio. Haukuwa na hata chembe ya vumbi. Hakumkemea. Alishusha miguu yake iliyovimba, akashika ukuta, akajaribu kusimama.

"Nyanya, wenda wapi?"

"Kanisani. Aliyenipa kazi hii hajaniambia niiache."

Kadzo aliona haya mpaka machozi yakamtoka. "Nisamehe, Nyanya. Nimekudanganya. Nilikuwa nikicheza."

"Nimekusamehe. Haya, enda mbio kabla jua halijatua!"

Safari hii Kadzo alifagia kila pembe, hata chini ya viti. Alirudi amejaa vumbi hadi kwenye kope. Nyanya alimpangusa uso kwa kiganja, akacheka sana. "Sasa nimeamini," alisema.

Kesho yake asubuhi, watu wakipita kwenda kanisani, Kadzo na mama yake, Kahaso, walikuwa wameketi kando ya kitanda. Mara Nyanya akafumbua macho. Uso ukamng'aa, akaitika kwa sauti ya msichana, "Abee!"

Kadzo akageuka. Mlangoni hapakuwa na mtu. "Mama, nani amemwita?" alinong'ona.

"Abee, Bwana," Nyanya alisema tena, polepole. "Naja." Kisha akapumua mara moja, akanyamaza.

Kadzo alitaka kulia, lakini kabla machozi hayajaja alijikuta amepiga magoti, kwa maana alihisi kwamba mle chumbani hawakuwa peke yao.

Mama akamshika bega. "Nyanya yako aliitwa tangu ujana wake, na kila siku aliitika, kwa kazi ndogo ndogo ambazo watu hawakuziona. Ndiyo maana leo hakuogopa. Uaminifu hauanzi siku ya kufa, mwanangu."

Jumamosi iliyofuata, Kadzo na Mwanarehema walikuwa wakiruka kamba uani. Kadzo alikuwa amefika mruko wa tisini, na hakuwa amewahi kufika mia.

"Kadzo!" mama aliita.

"Abee!" Akaiachilia kamba, akaenda kuchukua ufagio.