Barafu ya Tante Bénita

Kila Jumamosi jioni Igihozo alikuwa na kazi ambayo hakuna mtoto mwingine wa mtaa wa Katoyi aliyekuwa nayo. Wenzake walichota maji, wakafua sare za shule, wakafukuzana juu ya mawe meusi ya volkano mpaka mama zao wakachoka kuita. Igihozo naye alichota na kufua kama wao, ila baada ya hapo alikwenda dukani kwa Papa Émile, muuza samaki, kuchukua barafu ya virusi.

Jina hilo walilitunga majirani. Wengine hata walimpisha njia kwa mbali. Igihozo alikuwa akicheka tu, kwa sababu barafu ile haikuwa na hata kirusi kimoja. Zilikuwa chupa bapa za plastiki nyeupe, zimejazwa maji na kuzibwa, ambazo Papa Émile aliwagandishia kwenye friza yake. Yeye alikuwa na jenereta. Umeme wa mtaa, tangu vita visogee karibu na mji, ulikuja na kuondoka kama mgeni asiye na adabu.

Chupa hizo zilikuwa za Tante Bénita, shangazi yake, mdogo wake baba, aliyeishi nao. Tante Bénita alizaliwa katika vilima vya Masisi, mtoto wa wafugaji, akasoma mpaka Kinshasa, na sasa alikuwa mtafiti wa virusi katika maabara ya chuo kikuu hapo Goma. Alikuwa akitafiti surua kwa watoto wa kambi za waliokimbia vita. Siku moja alikuwa kambini akiwachukua wagonjwa ute wa kooni kwa kijiti cha pamba, siku nyingine yuko maabara, na jioni utamkuta mezani akisoma makala ndefu mpaka chai inapoa.

Igihozo, mwenye miaka kumi na miwili, hakutaka kazi nyingine duniani.

"Tante, nikikua nitavaa koti jeupe kama wewe," alisema siku moja.

"Koti si kitu, mutoto wangu. Hata muuza nyama anavaa koti jeupe," Tante alimjibu. "Kazi yetu ni kuuliza, na kungoja jibu la kweli. Sasa sikiliza. Virusi vya surua ndani ya mtoto ni vikali sana, lakini ukivitoa nje ni dhaifu. Joto likivikuta vinavunjikavunjika, na mashine ya kupimia haioni kitu. Ndiyo maana bila barafu mimi si mtafiti, mimi ni mutu anayetembeza sanduku."

Basi Igihozo alijiona mtafiti msaidizi. Kila Jumamosi alizipanga chupa ndani ya sanduku la kupozea sampuli, akafunika, akasukuma kifuniko mpaka kikalia. Tante hakuwa akikagua tena. Kipimajoto cha sanduku kilikuwa kimeishiwa betri, naye alisema kila wiki kwamba ataweka nyingine.

Jumapili moja ikawa sikukuu nyumbani. Bienvenu, mdogo wake Igihozo, alipokea komunyo ya kwanza. Baada ya misa nyumba ilijaa. Walikuja wajomba, mashangazi, jirani na watoto wa jirani, na pia marraine wa Bienvenu, yule mama aliyemsimamia kwenye ubatizo, mwanamke mnene mwenye kitambaa kikubwa kichwani. Na hapo ndipo Mama Léoncie, mama yake Igihozo, alipogundua kwamba umeme umekatika tangu alfajiri na kreti ya sucré, yaani soda, ina joto kama maji ya kuogea.

"Nitamupa marraine sucré ya moto?" alilalamika mama. "Watatuongelea mpaka Krismasi. Igihozo, kimbia kwa Papa Émile uombe barafu."

Igihozo alikimbia. Duka lilikuwa limefungwa. Papa Émile naye alikuwa na sherehe yake, na siku ya Bwana jenereta ilipumzika. Alirudi mikono mitupu. Alipopita chumbani kwa Tante akaliona lile sanduku, limetulia pembeni. Tante mwenyewe alikuwa maabara tangu asubuhi.

Alijiambia kwamba ni kwa saa moja tu. Akazitoa chupa zote, akazizamisha kwenye beseni la maji pamoja na soda. Ah, marraine alikunywa akashukuru, akasema nyumba hii inajua kupokea watu. Mama alimtazama binti yake kwa furaha, na Igihozo akavimba kichwa.

Saa moja ikawa mchana mzima. Igihozo alipozikumbuka chupa, zilikuwa zimelainika na maji yanacheza ndani. Lakini mtoto wa milimani ana hesabu zake. Kule Masisi, maziwa yakiachwa nje jioni asubuhi huyakuta baridi kabisa. Akazipanga chupa nyuma ya nyumba juu ya mawe, zipigwe na ubaridi wa Goma.

Jioni Tante Bénita alirudi, akapewa soda yake. "Eeh, ya baridi!" akasema. "Mumepata wapi barafu?"

"Kwa jirani," alijibu Igihozo.

Neno lilitoka jepesi, hata yeye mwenyewe lilimshangaza. Alfajiri alizigusa chupa, zikawa baridi mkononi, akajidanganya kwamba baridi na barafu ni ndugu. Akazirudisha ndani ya sanduku. Tante akalichukua, akaondoka mbio kwenda kambini kabla barabara haijajaa askari.

Siku hiyo kulisikika milio ya bunduki upande wa mji wa Sake, na njia ikafungwa. Gari la maabara, likiwa na sampuli za watoto wa kambini, lilikaa kwenye kizuizi cha askari chini ya jua mpaka alasiri.

Siku chache zikapita, Igihozo akianza kulisahau jambo hilo. Ndipo wakati wa mapumziko shuleni, rafiki yake Joyeuse alipomjia akitabasamu. Joyeuse aliishi kambini, ng'ambo ya mtaa wa Ndosho, na alikuwa amekonda kwa mawazo tangu dada yake mdogo apate homa na vipele.

"Majibu yametoka," alisema. "Mashine haikuona surua kwa mutoto hata mumoja. Wanasema labda ni homa nyingine tu. Kesho wanafungua hema la wagonjwa, mama anamurudisha mudogo wangu kwetu."

"Na ile chanjo mliyoahidiwa?" aliuliza Igihozo.

"Inapelekwa kambi nyingine. Kwetu haina haja."

Joyeuse alifurahi, maskini, na alikuwa na haki ya kufurahi. Lakini Igihozo alianza kuhesabu watoto. Katika hema la akina Joyeuse walilala watoto saba, na kila hema lilibanana na jingine. Kama ile ilikuwa surua kweli, wagonjwa wangerudi kati ya watoto ambao hawakuchanjwa, na chanjo ingekuwa imekwenda zake. Na yeye peke yake, katika mji mzima wa Goma, ndiye aliyejua kwa nini mashine haikuona kitu.

Aliogopa. Tusimfanye shujaa, aliogopa sana. Aliwaza kwamba Tante hatamruhusu tena kugusa sanduku, na kwamba ile ndoto ya utafiti imeishia hapo. Akawaza pia kwamba akinyamaza hakuna atakayejua. Wazo hilo ndilo lililomtisha zaidi, kwa sababu lilikuwa la kweli.

Masomo yalipokwisha hakupitia nyumbani. Alitembea kwa haraka mpaka maabara, akamwomba mlinzi amwitie Tante Bénita.

"Tante yako yuko kwenye kikao na profesa," alisema mlinzi.

"Basi ndipo hapo ninapotaka kwenda, papa. Ni habari ya watoto wa kambini."

Mlinzi alimtazama usoni, akafungua mlango.

Ndani walikaa watafiti wachache kuzunguka meza. Profesa Zéphirin, mkuu wa maabara, mzee mwenye miwani iliyoshuka puani, alikuwa akiongea. "Bénita, tusizunguke. Mashine inasema hakuna. Watu wa chanjo nimekwisha kuwaandikia."

"Lakini mimi niliwaona wale watoto, Prof," alisema Tante. "Macho mekundu, kikohozi, vipele vimeanzia usoni. Ningeapa kwamba ni surua."

"Sisi hatuapi. Sisi tunapima."

Hapo wote wakamwona Igihozo mlangoni na mkoba wake wa shule.

"Tante," alisema, "barafu ilikuwa imeyeyuka. Si kizuizini. Iliyeyuka Jumapili, nyumbani. Niliitumia kupozea sucré za wageni. Kisha nikaiweka nje usiku nikidhani itaganda. Na nilikudanganya niliposema tulipata kwa jirani."

Tante Bénita alifumba macho. Alikuwa amekasirika, na hakuficha.

"Nilisikia maji yakicheza kwenye chupa," alisema polepole. "Nikafikiri ni jua la barabarani, kwamba barafu imeanza tu kulainika. Igihozo, unajua ungesababisha nini kule kambini?"

"Ninajua. Ndiyo maana nimekuja."

Watu walimgeukia profesa. Mzee alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Bénita, sanduku hilo halina kipimajoto?"

"Kipo, Prof. Betri imekufa. Nilipaswa kuibadilisha, na nilipaswa kufungua na kukagua kila asubuhi. Nilimwachia mutoto kazi yangu. Hilo ni kosa langu, si lake."

"Bon," alisema profesa. "Basi hatuna majibu yanayosema hakuna surua. Hatuna majibu kabisa, na hayo ni mambo mawili tofauti. Wapigieni simu watu wa chanjo, wasiondoke. Hema la wagonjwa lisifunguliwe. Kesho mnarudi kuchukua sampuli upya, na betri inanunuliwa leo."

Hawakupoteza muda. Jioni ile ile Papa Émile aliombwa kugandisha chupa zote. Kulipopambazuka Tante alifungua sanduku mwenyewe, akasoma kipimajoto, akafunga. Njia ilikuwa wazi. Wakachukua sampuli, wakarudi kabla jua halijakuwa kali, na safari hii mashine ilitoa jibu pasipo shaka: surua, kwa karibu watoto wote waliopimwa.

Timu ya chanjo iliingia kambini wiki hiyo hiyo. Igihozo alikwenda na Tante, akawakuta akina mama wamepanga foleni na watoto mgongoni, vilio kila upande, na Joyeuse akimshika mkono kaka yake mdogo aliyekuwa akiikimbia sindano. Yule dada yao mdogo alibaki kwenye hema la wagonjwa mpaka akapona.

Joyeuse alimsogelea rafiki yake. "Waliniambia ni wewe," alisema. "Nilikukasirikia siku nzima."

"Na sasa?"

"Sasa njoo unisaidie. Huyu anapiga mateke kama punda."

Walipokuwa wakirudi mjini, Igihozo aliuliza lile lililomkaa moyoni. "Tante, je, mutu aliyeharibu namna hii anaweza bado kuwa mtafiti?"

Tante Bénita alimwacha dereva avuke mashimo kwanza.

"Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua," alisema. "Kosa nalo ni hivyo hivyo. Ulikosea ulipochukua barafu, ukakosea zaidi uliponidanganya, na kwa hayo utaosha vyombo vya maabara kila Jumamosi mpaka Prof Zéphirin achoke kukuona. Lakini sikiliza vizuri. Kila mutafiti huharibu. Mimi mwenyewe nimeharibu, umesikia. Mashine inaweza kutusaidia kuona virusi, lakini uongo wetu haiwezi kuuona. Kwa hiyo watu waliokimbia vita, waliopoteza nyumba na ng'ombe, wakitukabidhi makoo ya watoto wao, wanaamini kitu kimoja tu: kwamba tukikosea, tutasema. Ulipokuja kusema mbele ya wakubwa wale wote, hujavaa koti, siku hiyo ulifanya kazi yangu."

Igihozo aliinamisha kichwa asionekane akilia. Jumamosi iliyofuata alikuwa wa kwanza kufika maabara, na alikuta ndoo ya vyombo ikimngoja.