Tundu la Sita

Ilikuwa Alhamisi, tarehe 19 Oktoba, saa kumi na moja na dakika ishirini jioni, nilipofika kwa Bibi Orpha Tveit kununua bastola. Saa naijua kwa sababu niliiandika kwenye hati ya mauzo. Kesho yake mdogo wangu Wade angetimiza miaka ishirini na mitano, na tangu utotoni alitamani bastola kama ya babu: ya mwaka 1891, yenye silinda ya matundu sita.

Bibi Orpha hakuigusa. Aliniambia niitoe mwenyewe kwenye droo ya jikoni. Matundu matano yalikuwa matupu. Katika la sita mlikuwa na noti kuukuu ya dola tano, imesokotwa kama sigara.

Hilo halikunishangaza. Huku Montana wachunga ng'ombe wa zamani walijaza risasi tano tu, nyundo ilale juu ya tundu tupu, isije ikajifyatua farasi akiruka. Humo tunduni waliweka pesa ya mazishi yao.

"Usiitoe noti hiyo, mwanangu," akanong'ona. "Mume wangu Emil aliitoa siku aliyoinunua bastola. Akacheka. Hakumaliza wiki."

Ningeiacha pale pale. Lakini nilikuwa nimeshatia sahihi, na niliona aibu kuogopa karatasi.

Wade hakungoja kesho. Tulikwenda korongoni, nyuma ya zizi, jua likikaribia kuzama. Nilimweleza yote. Akasema kumbe kwa karo yote ile ya chuo nilikuwa nasomea uchawi. Kisha akaichokoa noti kwa kibano. Juu yake, kwa penseli, paliandikwa: Emil.

Akaiachia upepo. Akajaza risasi sita.

Nilihesabu. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Tano. Kopo alilolilenga liliruka kila mara.

Ya sita...

Ta.

Nyundo tu.

"Usiigeuze," nikamwambia. Risasi iliyogoma hungojewa nusu dakika, mtutu ukielekea shabaha. Tukangoja. Upepo ukakata. Nikasikia harufu ya udongo mbichi, ilhali mvua haijanyesha tangu Agosti. Kisha, nyuma yetu...

Chwa. Chwa. Chwa.

Mtu anachimba kwa sepetu.

Tuligeuka. Hapakuwa na mtu.

"Dada," Wade akasema polepole, "nimejaza sita, sivyo?"

"Sita."

Akafungua kilango cha silinda, akatoa maganda moja moja. Matano. Katika tundu la sita hamkuwa na risasi. Mlikuwa na noti, imesokotwa. Niliikunjua mimi. Mwandiko ule ule, penseli ile ile.

Wade.

Nilimpigia simu Bibi Orpha. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kitu kimoja tu: limeandikwa jina la nani? Nikamwambia. Akakata simu.

Asubuhi, saa moja na dakika thelathini na tano, sepetu iliniamsha. Ilikuwa chini ya dirisha la Wade. Nilikimbilia chumbani kwake, nikachungulia nje, sikuona mtu. Lakini majani yalikuwa yamechunwa, urefu wa mtu mzima, na shimo lilikuwa limeshafika magotini. Wade alikuwa amelala kinywa wazi, kama alivyolala utotoni.

Bastola ile nilimnunulia mimi.

Nikachukua ufutio. Nikafuta jina lake, nikaandika langu, kwa wino. Nikaisokota noti, nikairudisha kwenye tundu la sita.

Sepetu ikanyamaza.

Nikarudi chumbani kwangu, nikafunga pazia, nikaingoja sepetu.