Fundi Mashimba na Gari la Rangi ya Fedha

Ndugu zangu wa Nyakato, nawasimulia jambo nililoliona kwa macho yangu, na ambalo kwa sehemu nina hatia nalo. Mimi Obedi nanyoosha bodi za magari. Gereji yangu ilipakana na ya Mashimba, aliyekuwa fundi rangi.

Jumanne ile kulikuwa shwari. Upepo wa ziwani ulipita taratibu, na Gladness, mke wa Mashimba, alikuwa akichambua dagaa uani huku mumewe akimtania. Nyumba yao na gereji vilitenganishwa na mlango mmoja tu.

Ndipo Jonathan alipoleta gari lake la michezo, rangi ya fedha yenye chembe zinazometameta. Mlango wa kushoto ulikuwa umechubuka vibaya.

"Fundi, sitaki mtu ajue kama liliwahi kuguswa," alisema. "Mafundi wawili wameshindwa. Nami nalihitaji Ijumaa."

"Mimi sijawahi kushindwa na rangi," Mashimba alijibu.

Alisoma namba ya rangi kwenye kibati cha fremu ya mlango, akaenda duka la rangi Nyamagana kuchanganyiwa inayolingana. Akaipuliza kwenye kipande cha bati na kukitoa juani. Ukikitazama kwa mbele kilifanana na gari. Ukisogea pembeni kilikuwa cheusi zaidi. Rangi za metaliki ndivyo zilivyo: chembe zikilala vibaya, rangi inageuka. Isitoshe, gari lenyewe lilikuwa limepauka kwa jua la miaka mingi.

Akachanganya upya, mara nne, mara tano. Vumbi la barabarani likamharibia. Akakifunga chumba cha kupulizia kwa nailoni, madirisha akayaziba kwa matambara. Kisha akafanya kosa kubwa: akaivua maski yake ya vichujio kwa kuwa ilitia ukungu kwenye miwani, akajifunga kitambaa tu.

"Baba Queen, umekohoa tangu jana," Gladness alimwambia. "Fungua hata dirisha moja."

"Nikifungua vumbi linaingia. Nimebakiza kidogo, mke wangu."

"Na kifua kinacholia hivyo?"

"Ni mafua tu."

Nami nilimkuta ameegemea ukuta, anahema kama aliyepanda mlima.

"Maski yako iko wapi?" nikamuuliza.

"Nikiivaa sizioni chembe."

Msomaji, unajua nilifanya nini? Nilicheka, nikarudi kwenye nyundo yangu.

Alhamisi mchana Gladness alisikia kompresa, mashine ya kusukuma upepo, ikinguruma, lakini mpulizo wa rangi ulikuwa umekoma. Akaita mara tatu. Akaja kwangu mbio, miguu peku.

"Shemeji, Mashimba haitiki!"

Tuliuvunja mlango aliokuwa ameufunga kwa ndani. Harufu kali ilitupiga machoni. Alikuwa amepiga magoti kando ya gari, midomo imekuwa ya bluu, macho yamemtoka. Kinywa kilikuwa wazi lakini hewa haikuingia. Akanikamata mkono kwa nguvu ambayo sitaisahau. Hakuweza kusema, ila macho yake yalisema anakufa na anajua.

Ndani ya bajaji Gladness alimkumbatia. "Vuta, Baba Queen. Vuta tena." Kila pumzi ilipochelewa, sote wawili tuliacha kupumua.

Hospitali walimrudisha kwa shida. Siku ya tatu daktari alituita.

"Dawa ya kukaushia, ile inayochanganywa kwenye rangi, imeyaharibu mapafu yake. Akiivuta tena, hata kidogo, inaweza kumuua."

Gari lilikuwa limekamilika; Mashimba alizidiwa akiwa amemaliza tabaka la mwisho. Jonathan alilizunguka juani, akauinamia ule mlango, asione mahali palipopakwa. "Imefanana kabisa," alisema. Nikampa ufunguo.

Mashimba yu hai, lakini wamehamia Nyegezi, mbali na gereji. Queen, binti yao, huamka usiku na kwenda kusikiliza kama baba bado anapumua. Ana miaka minane.

FUNZO

Enyi mafundi, sifa ya kazi isiwafanye muidharau miili yenu. Vaeni maski yenye vichujio, acheni hewa ipite, na familia zisilale ukuta mmoja na rangi. Wateja, mpeni fundi muda. Na wewe jirani unayeona hatari, usicheke kama nilivyocheka mimi. Siku hizi nikimkuta fundi anapuliza rangi akiwa amejifunga kitambaa tu, naingia na kuizima kompresa kwa mkono wangu. Wengine hunitukana. Namsubiri mpaka avae maski, ndipo naondoka.